Muulize Msanifu: Ukumbusho wa wafu wa Mto Kagera

Kila mwaka ikikaribia Aprili 7, siku ambayo Rwanda huanza Kwibuka, yaani kuwakumbuka waliouawa katika mauaji ya kimbari ya 1994, sanduku langu hujaa barua za aina moja: tujenge nini, tusijenge nini, watoto tuwapeleke au tusiwapeleke. Mwaka huu nazijibu kwa mkupuo, na maswali ya vyoo vya shimo na nyufa za ukuta yatasubiri toleo lijalo. Mnisamehe nikiwa mkali mahali fulani. Mimi ni Mhangaza wa Ngara. Ruvubu na Kagera ni mito ya kwetu, na jambo hili siliongelei kama mtu wa mbali.

SWALI: Shikamoo Mama Msanifu. Nasoma usanifu majengo, mwaka wa mwisho. Mradi wangu ni ukumbusho wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, upande wa Tanzania pale Rusumo, kwa ajili ya watu waliotupwa mtoni mwaka 1994. Nimechora mnara wa zege wa mita 30 wenye umbo la panga lililovunjika, na chini yake ukumbi wa mviringo wenye kuta nyeusi. Mhadhiri wangu kasema mnara hauna roho. Nikaangalia picha za Berlin, nikaongeza nguzo 100 kwa zile siku 100 za mauaji. Bado hajaridhika. Ni umbo gani linalobeba maana? (Mwanafunzi, Dar es Salaam)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimeipitia michoro yako yote na mkono wako ni mzuri. Sasa lifute hilo panga.

Panga ni la muuaji. Unataka kulisimamisha mita 30 juu lionekane toka barabarani, halafu umwalike mama ambaye watu wake walikatwa kwa chombo hichohicho aje aweke shada la maua chini ya ncha yake. Na usikimbilie kulibadilisha liwe njiwa, wala mikono miwili inayoshikana, maana najua ndiko utakakokwenda. Umbo huja mwisho. Kwanza ujue mahali pale palitokea nini, na pamebaki nini.

Tazama walivyofanya Rwanda. Nyamata, kule Bugesera, ni kanisa Katoliki ambamo watu wapatao 10,000 walijificha Aprili 1994 wakiamini hakuna atakayethubutu kuua mle. Walirushiwa maguruneti, kisha wauaji wakaingia ndani. Waliokuja baadaye kulihifadhi walikuta jengo lenyewe ni shahidi. Paa la bati limetobolewa matundu kila upande, na jua likiwa kali kila tundu linashusha nukta ya mwanga sakafuni na juu ya nguo za marehemu zilizorundikwa kwenye mabenchi. Nilikaa benchi la nyuma nikawa natazama juu kwenye kenchi, kama tulivyo watu wa kazi hii, nikaanza kuyahesabu yale matundu, nikaacha. Hakuna msanifu aliyechora mwanga ule. Kinachomkuta mtaalamu pale ni kigumu kuliko kuchora: bati lenye matundu linavuja, mvua ikiingia nguo zinaoza, na ukiyaziba matundu umefuta ushahidi. Jirani tu, Ntarama, ambako waliuawa watu wapatao 5,000, kanisa dogo la matofali limejengewa paa jingine kubwa juu yake lenye nguzo zake, lisilogusa ukuta wa zamani. Paa lile halina urembo wowote. Hakuna atakayelipiga picha aliweke ukurasa wa kwanza wa gazeti, na mimi nalihesabu miongoni mwa kazi bora za usanifu katika nchi ile.

Nenda Murambi, karibu na mji wa Nyamagabe. Ile ilikuwa shule ya ufundi ambayo ujenzi wake haujakwisha, juu ya kilima. Viongozi waliwaelekeza watu waende huko watalindwa, maji yakakatwa, na usiku wa kuamkia Aprili 21 wakashambuliwa. Rwanda inahesabu waliokufa pale kuwa kama 50,000. Baadaye maiti zilifukuliwa kwenye mashimo, mamia yake yakapakwa chokaa ili yasiharibike, yakalazwa madarasani. Madarasa yameachwa kuwa madarasa: milango ileile, madirisha yaleyale, korido ileile ambayo mwanafunzi angepita akichelewa kipindi. Msanifu mwenye tamaa angeona nafasi ya kuweka ngazi ya kioo.

Bisesero ni kinyume kabisa, maana hakukuwa na jengo la kuhifadhi. Huko juu ya Ziwa Kivu Watutsi wa milimani walipigana kwa mawe, fimbo na mikuki kwa majuma mengi. Wanajeshi wa Ufaransa waliwakuta Juni 27, wakaondoka, wakarudi Juni 30. Katika siku hizo za katikati wengi waliokuwa wamejitokeza mafichoni waliuawa. Msanifu Mnyarwanda, Vedaste Ngarambe, akaufanya mlima wenyewe kuwa jengo. Chini kuna mikuki iliyosimamishwa kwenye mawe, kisha njia inapanda kwa kupindapinda ikipita vijumba tisa, kimoja kwa kila wilaya ya iliyokuwa Kibuye. Ukifika juu kwenye makaburi unahema. Hakuna ubao unaokuambia kwamba watu wale walikuwa wakikimbia kupanda. Kifua chako kimeshakuambia.

Hilo ndilo umbo linalobeba maana, kama ulitaka nikuonyeshe moja.

Turudi kwetu. Rusumo kuna nini? Kuna mto na daraja. Novemba 22, 1992, mwanasiasa Léon Mugesera alisimama Kabaya akawaambia wafuasi wa chama tawala kwamba Watutsi watarudishwa Ethiopia kwa njia ya mkato, kupitia mto Nyabarongo. Maji ya Nyabarongo ndiyo ya Akagera, Akagera ndiyo Kagera yetu, na Kagera inaingia Ziwa Victoria. Mwaka 1994 maneno yale yakatekelezwa. Maiti zilipita chini ya daraja la Rusumo, zikaporomoka na maji, zikaendelea. Nyingi ziliopolewa huko Uganda na kuzikwa huko. (Mugesera mwenyewe alirudishwa Rwanda kutoka Kanada mwaka 2012, na mwaka 2016 akahukumiwa kifungo cha maisha.) Na juu ya mto huohuo, Aprili 28 na 29, watu wapatao 250,000 walivuka kuingia Tanzania ndani ya saa kama 24. Wengi walikuwa Wahutu wanaowakimbia askari wa RPF, wapiganaji waliokuwa wakipigana na serikali ile, waliokuwa wakisonga mbele. Walikuwemo wakulima, wazee, watoto wasiojua lolote, na walikuwemo waliotoka kuua. Ndipo Benaco ya kwetu Ngara ikageuka ghafla kuwa moja ya kambi kubwa kuliko zote za wakimbizi duniani.

Juu wanapita walio hai, chini wanapita waliokufa, na mwananchi wa Rusumo amesimama ukingoni anawaona wote. Jambo hilo ni la Rusumo peke yake. Nyamata haina, Gisozi ya Kigali haina, Berlin haina. Katika karatasi zako zote sikuliona. Daraja umelichora kama barabara ya kufikia mnara.

Ningekuwa wewe ningefanya hivi. Ningeacha kingo kama zilivyo na kuchora njia ya mawe inayoshuka hadi mahali pa kutazamia, yenye mteremko ambao kiti cha magurudumu kinaupita. Ukuta wa kimo cha kukalia, basi. Kituo cha kwanza kinatazama maji yanakotoka, yaani Rwanda. Pale ndipo ningeandika tarehe na yale maneno ya Kabaya. Kisha njia inamgeuza mtu atazame maji yanakokwenda, na pale pangeandikwa maziko yaliko huko Uganda: Kasensero, Lambu na Ggolo. Maandishi yawe ya Kiswahili, Kinyarwanda, Kihangaza na Kiingereza, na yasomeke na mtu aliyesimama bila kuinama. Sauti za wazee wa Ngara waliosimama kwenye kingo mwaka ule zirekodiwe sasa, kabla hujamaliza hata kuchora, kwa sababu zege linaweza kusubiri na wazee hawawezi.

Chumba cha kufundishia kiwe mbali na maji. Umewahi kusimama Rusumo? Maporomoko yananguruma, na malori ya kwenda Kigali yananguruma kuyazidi. Ukumbi wako wa mviringo, wenye kuta za zege tupu, mwalimu akisema neno moja litamrudia mara tatu. Chora darasa la kawaida la watoto 40, dari ya mbao, madirisha pande mbili, baraza pana nje. Watoto watakaa barazani wakimaliza kusikiliza, na hapo ndipo maswali yao hutoka.

Kuhusu nguzo zako 100. Ukumbusho wa Berlin wa Wayahudi waliouawa, alioubuni Peter Eisenman, uliofunguliwa mwaka 2005, una nguzo 2,711 za zege kwenye uwanja wa mita za mraba 19,000, na juu ya zege lenyewe hakuna jina hata moja. Maelezo yako chini ya ardhi, katika vyumba ambavyo ubunifu wa mwanzo haukuwa navyo. Viliongezwa baada ya mabishano makali ya kisiasa. Bila vyumba vile mgeni angeweza kuzunguka mchana kutwa asijue aliyeuawa ni nani wala aliyeua ni nani. Na wapo wanaozunguka hivyo. Mwaka 2017 msanii Shahak Shapira alichukua picha ambazo watu walijipiga wakirukaruka juu ya nguzo zile, akazibandika juu ya picha za maiti za kambi za mauaji ya Wayahudi, dunia ikashtuka. Sina hasira sana na wale vijana. Mtu ukimpa uwanja wa nguzo bila neno, atazichezea.

Namba hufanya kazi pale kila kitu kinapokuwa mtu. Kigali, kwenye kambi walikouawa askari kumi wa Ubelgiji Aprili 7, 1994, yamesimamishwa mawe kumi, na kila jiwe lina mikato kulingana na umri wa askari wake. Unaona jiwe lenye mikato michache kuliko jirani yake, unaelewa. Nguzo zako 100 ni siku. Siku haina mama.

Ukimaliza niletee tena. Na umwambie mhadhiri wako namsalimu.

SWALI: Mama, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa historia, Karagwe. Tunapanga kuwapeleka wanafunzi wa kidato cha tatu Kigali. Mkuu wa shule anataka waone mafuvu "ili wajue". Wazazi wawili wamekataa. Wewe unayejua majengo yale unashauri nini? (Mwalimu, Karagwe)

JIBU: Nawaunga mkono wazazi, kwa kiasi. Mafuvu humfundisha mtoto kwamba watu walikufa. Hilo analijua. Hayamwambii walikufaje wakiwa raia wa nchi yenye vitambulisho, redio, shule na makanisa.

Waanzishe Gisozi, kwenye jumba la kumbukumbu la Kigali. Jumba lile lilifunguliwa Aprili 2004, miaka 10 baada ya mauaji, kwa ushirikiano wa Jiji la Kigali na shirika la Aegis Trust la Uingereza, na katika eneo lake wamezikwa watu zaidi ya 250,000. Litumie lilivyopangwa, usilipindue. Maonyesho ya chini yanaanza na Rwanda kabla ya mauaji: ukoloni, vitambulisho vya kabila vya Wabelgiji, chuki iliyopangwa, halafu ndipo 1994. Wengi huwaingiza watoto kwa haraka wakiwahi sehemu ya mifupa, na kile chumba cha mwanzo, ambacho ndicho somo lenyewe, wanakipita kwa dakika mbili. Wewe kaa nao hapo.

Juu kuna sehemu ya mauaji mengine ya kimbari duniani. Wewe ni mwalimu wa historia Tanzania, usiiruke ile ya Waherero na Wanama wa Namibia, kuanzia 1904. Jenerali Lothar von Trotha aliyetoa amri ya kuwaangamiza Waherero alikuwa ameshatumikia jeshi la Wajerumani huku kwetu miaka ya 1890. Wanafunzi wako wanasoma Maji Maji kama jambo la nyumbani na Namibia kama jambo la ugenini, na mtawala alikuwa mmoja.

Halafu Chumba cha Watoto. Ni picha kubwa za watoto, na chini ya kila moja maandishi machache: jina, umri, chakula alichokipenda, mchezo wake, rafiki yake, halafu alivyouawa. Hakuna damu, hakuna mfupa. Kwa kundi lako nadhani hicho ndicho kitakuwa kigumu kuliko vyote, maana wanafunzi wako wana wadogo nyumbani. Msiingie wote pamoja. Gawa makundi, na mwalimu mmoja abaki bustanini na wasiotaka kuingia. Bustani za Gisozi zimewekwa kwa kazi hiyo: mtu akizidiwa atoke, apate kivuli, apate maji, asijione mkosefu.

Jambo moja ambalo mkuu wako huenda hajalifikiria. Karagwe imejaa familia zenye ndugu ng'ambo ya mto. Katika basi lako huenda yupo mtoto ambaye bibi yake aliuawa, na nyuma yake amekaa ambaye babu yake alihukumiwa. Usimwite mtoto yeyote asimame aeleze "kwao". Na Nyamata msiipachike siku hiyohiyo jioni kwa kuwa iko karibu na mafuta yamo. Mahali pamoja kwa siku moja kunatosha.

SWALI: Jambo Mama. Mimi siwaelewi Wanyarwanda. Huku Bukavu mtu akifa anazikwa, tunalia, tunamaliza matanga. Kumweka mtu kabatini miaka 30 watalii wamtazame ni kumkosea. Kwa nini wasanifu mnakubali kujenga makabati ya vioo ya mafuvu? (Msomaji, Bukavu)

JIBU: Ndugu yangu, wapo manusura wengi Rwanda wanaosema maneno yako hayohayo. Usidhani ni jambo walilokubaliana wote. Wapo wanaotaka kila mfupa uzikwe kwa heshima, na kila Aprili maiti zinazopatikana mashambani na kwenye vyoo vya zamani huzikwa, kwa majeneza, kwa maombi. Na wapo wanaosema: tukizika vyote, kesho watakuja kusema hakuna kilichotokea.

Hofu hiyo si ya kubuni. Chukua kanisa la Nyange, upande wa magharibi. Aprili 1994 Watutsi wapatao 2,000 walijifungia humo, na kanisa likabomolewa kwa tingatinga likawaangukia. Padri wa parokia, Athanase Seromba, alishtakiwa kwetu hapa Arusha kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, na mwaka 2008 rufaa ikampa kifungo cha maisha. Wauaji walijua vizuri sana kwamba jengo ni ushahidi. Walizika, walichoma, walitupa mitoni, walisawazisha. Aliyebaki hai alijikuta hana kitu cha kuonyesha ila mifupa. Zaidi ya watu 800,000 kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa, zaidi ya milioni moja kwa hesabu ya Rwanda, na bado hadi leo wapo wanaoandika kwamba ni uongo.

Mimi binafsi? Ningezika zaidi na kuonyesha kidogo. Murambi nilipita vyumba vya mwanzo, na katika kimojawapo nikaona mkono wa mtoto uliopakwa chokaa, vidole vimekunjika. Sikuhitaji chumba kilichofuata, na vilikuwepo vingine vingi. Wingi unamchosha mtu hadi anaacha kuona. Lakini uamuzi huo si wangu wala wako wala wa mfadhili. Ni wa wafiwa. Wakisema ibaki, kazi ya msanifu ni kuhakikisha inabaki kwa adabu: mtu asiinamie maiti kama anayechagua samaki sokoni, mwanga usiwe wa kumulika usoni, njia iwe na mlango wa kutokea kabla ya kufika, na wafiwa wapate saa zao bila wageni wenye kamera.

Nguo za Nyamata zinaeleza zaidi, kwa maoni yangu. Zinahifadhiwa kwa taabu kubwa. Chuo Kikuu cha Pennsylvania kimeshirikiana na Rwanda katika kazi hiyo, na mtaalamu wa nguo kutoka Marekani, Julia Brennan, amefundisha watumishi wa pale namna ya kuzitunza. Huwezi kuzitia kwenye beseni na sabuni, maana udongo na damu ndivyo vinavyohifadhiwa. Gauni la mtoto lenye kiraka alichoshona mama yake halimvunjii mtu heshima, na hakuna atakayeliangalia aseme ni uongo.

Pale Nyamata nje kuna kaburi la Tonia Locatelli, Mwitaliano aliyeuawa Machi 1992 baada ya kuzieleza redio za nje kwamba Watutsi wa Bugesera wanauawa. Miaka miwili kabla. Yeye amezikwa, ana jina lake, ana tarehe yake. Ukifika Nyamata, simama hapo kwanza, kisha uingie ndani, halafu uniandikie tena kama bado unaona makabati ndiyo tatizo kubwa.

SWALI: Tunajenga kaburi la pamoja na ukuta wa majina. Mkandarasi anasema tuweke marumaru nyeusi ya kung'aa kila mahali. Ni sawa? (Fundi, Kayonza)

JIBU: Ukutani sawa, sakafuni hapana. Marumaru ya kung'aa ikilowa mvua ya Aprili bibi wa miaka 80 ataanguka mbele ya jina la mwanawe. Sakafu iwe jiwe lenu la kienyeji, lichongwe lakini lisisuguliwe. Majina yachongwe, yasipakwe rangi wala kubandikwa, na uache nafasi tupu ya kutosha: hata Gisozi ukuta wa majina haujakamilika, na majina huendelea kupatikana. Yaanze kwenye kimo ambacho mkono wa mtu aliyeketi unafika, kwa sababu watu watayagusa.

SWALI: Mama Msanifu, sisi tuko Kasensero, Uganda, mwaloni. Tuna makaburi ya watu waliokuja na maji mwaka 1994. Viongozi huja Aprili, hutoa hotuba, huondoka. Watoto wetu wanacheza mpira pembeni na hawajui ni makaburi ya nani. Tumeambiwa tutafute fedha za makumbusho makubwa. Tuanzie wapi? (Mvuvi mstaafu, Kasensero)

JIBU: Shikamoo baba. Barua yako nimeiweka mwisho makusudi, nipate kuijibu bila haraka.

Msianzie kwenye makumbusho makubwa. Jengo kubwa mwaloni litataka umeme, mlinzi, mtunza vitabu na rangi kila baada ya misimu miwili ya unyevu wa ziwa, na fedha za wafadhili hutoka siku ya kukata utepe tu. Mnacho kitu ambacho Kigali haina. Katika Kasensero, Lambu na Ggolo wamezikwa zaidi ya watu 10,000 ambao hawakuwa ndugu zenu, hamkuwajua majina, walifika wakiwa katika hali ambayo wewe unaikumbuka na mimi sitaiandika gazetini. Wavuvi na wanavijiji mliwatoa majini. Watu waliacha kula samaki, soko likaanguka, na mliendelea kuwatoa. Ukumbusho wenu ni wa waliouawa, na pia ni wa mikono iliyowazika, na sijaona mahali popote hilo la pili limeelezwa inavyostahili.

Kwa hiyo kwanza ni maneno. Kaeni na wenzako mliokuwepo, kijana mwenye simu awarekodi: nani alikuja na mtumbwi, mlitumia nini, sanda zilitoka wapi, nani alisali, nani alikataa kushiriki na kwa nini. Mpeleke nakala moja shuleni na nyingine kwa mapadri au msikitini, popote pasipovuja.

Pili ni banda moja. Nguzo sita za zege, paa la bati jipya lenye mteremko mkali na mfereji wa kukinga maji, sakafu iliyoinuliwa juu ya maji ya mafuriko, mabenchi ya zege pande tatu. Upande wa nne uwe wazi kuelekea ziwani, makaburi yawe kulia kwa anayeketi. Ubao wa maelezo uwe chuma kilichochongwa maandishi, maana mbao mchwa watakula na plastiki jua litaibabua. Uandikwe Kiluganda, Kiswahili, Kinyarwanda na Kiingereza, na uanze kwa sentensi rahisi inayojibu swali la mtoto: hawa ni akina nani, walitoka wapi, nani aliwaua.

Ramani ya mto ichorwe sakafuni kwa terazo, kutoka Nyabarongo hadi hapo mlipo, mtoto aifuate kwa miguu. Hilo fundi yeyote wa terazo atalifanya, na ni rahisi kuliko sanamu.

Uwanja wa mpira msiuondoe. Sogezeni goli tu, mpira usiangukie makaburini, na mpande ua wa miti mifupi ambayo mtu mzima anaona juu yake. Watoto wanaocheza hapo kila siku ndio watakaokuja kuwa waongozaji wa wageni. Mkiwafukuza mtabaki na geti na kufuli. Mwalimu awaleteni darasa moja kwa muhula, nanyi wazee wawili watatu mkae bandani.

Na choo. Najua hakuna anayependa kukizungumzia kwenye hotuba za Aprili, lakini wafiwa husafiri kutoka Kigali kutwa nzima na wengi ni akina mama wazee. Matundu manne, mawili yenye mlango mpana na kishikio, maji ya kunawa, upande wa upepo unakokwenda na mbali na makaburi. Hicho kijengwe kabla ya banda.